Kinyama katika mfuko wa nyongo: Usikimbilie kisu, usitupe karatasi

Ndugu msomaji, kipimo cha altrasaundi siku hizi kimeenea, na wapo wanaokwenda kupimwa figo au ujauzito wakarudi na jambo wasilolitarajia: karatasi imeandikwa kuwa kuna kinyama katika mfuko wa nyongo. Nyumba nzima huingiwa na hofu. Mmoja anasema ni saratani, wa pili analeta chupa ya dawa ya “kuyeyusha”, wa tatu anaikunja karatasi na kuisahau. Wote watatu wamekosea.

Mfuko wa nyongo umekaa chini ya ini, upande wa kulia. Huhifadhi nyongo inayotengenezwa na ini ili isaidie kusaga mafuta tunapokula. Vinyama huota kwenye ukuta wake wa ndani. Vingi si uvimbe wa kweli, bali ni kolesteroli iliyojikusanya ukutani, na hivyo havigeuki saratani. Vichache ndivyo vyenye hatari, na dalili kubwa ya kuvitambua ni ukubwa.

Miongozo ya madaktari wa Ulaya ya mwaka 2022 inaeleza hivi:

Kinyama cha milimita 10 au zaidi: inashauriwa mfuko uondolewe, ikiwa mgonjwa anaumudu upasuaji.

Milimita 6 hadi 9: upasuaji hushauriwa kwa aliyezidi miaka 60, mwenye ugonjwa wa makovu katika mirija ya nyongo, mwenye asili ya Asia (wakiwemo ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi), au ikiwa kinyama ni bapa, hakina kikonyo. Asiye na hayo arudie kipimo baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2.

Milimita 5 au chini: mwenye vihatarishi hivyo afuate ratiba hiyo hiyo ya vipimo. Asiye navyo hahitaji kufuatiliwa.

Kinyama kikiongezeka milimita 2 au zaidi ndani ya miaka hiyo miwili, daktari aangalie upya. Kisipokua, au kikitoweka, ufuatiliaji huishia hapo. Na mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia yasiyo na sababu nyingine anaweza kushauriwa upasuaji hata kama kinyama ni kidogo.

Sasa umeona kwa nini karatasi ile isitupwe. Bila kipimo cha kwanza, daktari atajuaje kama kimekua? Omba iandikwe idadi ya vinyama, umbo, na ukubwa kwa milimita. Ihifadhi pamoja na vyeti vya nyumbani.

Kipimo hiki hutaka tumbo tupu kwa saa 6 hadi 8, kwani chakula huukamua mfuko ukasinyaa, na kinyama kikajificha. Mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi anaweza kwenda mchana akiwa na saumu yake, na kipimo chenyewe hakifunguzi.

Ama dawa za kuyeyusha, hakuna iliyothibitika, ya hospitali wala ya mitishamba. Habasoda tunaitumia kwa kufuata sunna, lakini isikuzuie kurudi kupima. Na ukiona macho yamekuwa ya manjano, homa pamoja na maumivu ya tumbo, au unakonda bila sababu, usingoje tarehe yako. Nenda hospitali mara moja.

Ukiambiwa mfuko uondolewe, usidhani maisha yamekwisha. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, nayo itateremka moja kwa moja kwenye utumbo.

Ndugu yangu, mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah. Mwenye kinyama kidogo, kurudi kupima kwa tarehe yake ndiko kumfunga ngamia. Baada ya hapo lala usingizi wako kwa amani.

Wabillahi tawfiiq.