Mshipa, Fundo na Sindano: Istilahi za Usalama katika Tiba ya Maumivu ya Misuli Mpakani Busia na Tororo

Kubeba magunia na kuendesha baiskeli zenye shehena, kazi iliyozaa neno bodaboda mpakani Busia na Malaba, huelemea bega na shingo. Msuli unaoelemewa hivyo huweza kufanya fundo dogo, gumu, ambalo likibonyezwa huuma na kupeleka maumivu mbali, hata hadi kwenye panja. Janet Travell na David Simons walilieleza kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1983. Tiba mojawapo ni kudunga ndani ya fundo kiasi kidogo cha dawa ya ganzi. Karel Lewit aliripoti mwaka 1979 kwamba hata sindano isiyo na dawa huweza kutuliza maumivu. Anayedai "sindano kali" anadai kisichohitajika.

Ugumu unaanzia kwenye neno mshipa. Mshipa ni njia ya damu, ni neva, na katika mazungumzo ya kawaida ni msuli pia. Anayelalamika kwamba mshipa wa bega umekaza anamaanisha msuli. Akiambiwa "sindano ya mshipa" huelewa dawa inayopitia kwenye damu. Tofauti hiyo si ya wanaleksikografia peke yao. Dawa ya ganzi ikiingia kwenye damu huweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana mdungaji huvuta kwanza bomba la sindano nyuma kidogo kuangalia kama damu inaingia. Kifundo nacho hakifai, kwani humpeleka msikilizaji mguuni. Fundo la msuli ni istilahi salama zaidi.

Swali "Unatumia dawa ya damu?" lina kasoro hiyohiyo: anayemeza dawa ya kuongeza damu atakubali, ilhali kinachotafutwa ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini.

Sindano ya bega ikizama mno huweza kutoboa pafu. Dalili, yaani kukosa pumzi na kichomi (neno ambalo, kwa bahati mbaya, ni jina la nimonia pia), huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, mgonjwa aliyetibiwa Kenya akiwa amekwisha kurejea Tororo. Kiswahili ni lugha rasmi Kenya, na rasmi ya pili Uganda tangu 2005, lakini nyumbani huko anayemwuguza huenda anazungumza Dhopadhola au Kiteso. Kiteso na Kisamia huzungumzwa pande zote mbili. Karatasi moja ya onyo kwa lugha hizo, pamoja na Dhopadhola, ingeweza kutolewa na kliniki za nchi zote mbili bila kuandikwa upya.