Je, Wajua? Uwanja wa michezo uliojaa mabaki

Mwaka 1943, Denmark ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, kitongoji cha Emdrup mjini Copenhagen kilifungua uwanja wa watoto uliojaa mbao, matofali, udongo na zana za kweli. Wazo lilikuwa la msanifu wa bustani C. Th. Sørensen, aliyeona watoto wakiviacha viwanja rasmi na kukimbilia penye ujenzi. Lady Allen wa Hurtwood aliutembelea mwaka 1946, akalipeleka wazo hilo kwao Uingereza.

Mzazi anayenunua vifaa vya mchezo kama huo leo akumbuke kwamba mtoto wa miaka 9 au 10 ameshachoshwa na kijikoleo cha plastiki (nacho huvunjika upesi). Mpe koleo la chuma lenye mpini mfupi, ndoo imara, mpira wa maji, vipande vya bomba, sufuria kuukuu na turubai. Atajenga bwawa, alibomoe, alijenge upya. Epuka mbao za zamani zenye rangi, maana huenda rangi hiyo ina madini ya risasi. Ndoo zimwagwe maji jioni: mbu huzaliana humo, na mdogo wake anaweza kuzama.