Waziri wa Fedha Anapojibu Bungeni, Mlaji Asikilize Nini?

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti ya Serikali. Katika siku zinazofuata, yeye na wenzake hujibu hoja za wabunge kuhusu kodi, tozo, misamaha na matumizi. Kwa walaji wengi hicho ndicho kipindi cha mkanganyiko. Jioni ya hotuba mwenye duka hutangaza kuwa bei imepanda "kwa sababu ya bajeti". Wiki ya pili mnunuzi hudai punguzo kwa kuwa amemsikia Waziri redioni akisema kodi imeondolewa. Pande zote mbili huenda zimekosea.

Katika sura hii tunaeleza namna ya kuyasikiliza majibu ya Waziri kwa faida ya mfuko wa mlaji. Jambo kuu tunaloomba msomaji alishike ni hili: jibu la Waziri huhusu kodi, wala si bei. Kati ya kodi na bei kuna hatua tatu, nazo ni sheria, tarehe ya kuanza na uamuzi wa muuzaji. Anayezifahamu hatua hizo hadanganyiki kwa urahisi.

Kodi haiwekwi kwa kauli

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kuwa hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekewa nguvu na sheria hiyo. Kwa sababu hiyo, mabadiliko ya kodi yanayosomwa katika hotuba ni mapendekezo. Huandikwa katika Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao hupitiwa na Kamati ya Bajeti ya Bunge, hujadiliwa na wabunge, hupitishwa, kisha husainiwa na Rais. Bajeti yenyewe hupigiwa kura kwa kumwita mbunge mmoja mmoja kwa jina.

Pendekezo linaweza kubadilika njiani. Kwa majirani zetu wa Kenya, Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza mkate utozwe Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla halijawa sheria, na baadaye muswada wote ukaachwa. Mlaji aliyeongezewa bei ya mkate siku hizo kwa kisingizio cha kodi alilipia kodi ambayo haikuwahi kuwapo.

Zipo pia kodi na tozo ambazo sheria humwachia Waziri apange viwango vyake kwa kanuni. Hapo Waziri ana mamlaka makubwa zaidi. Hata hivyo, kinachobeba nguvu ya sheria ni kanuni iliyosainiwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Maneno aliyoyasema alipokuwa akijibu swali hayawezi kushika nafasi ya kanuni hiyo.

Tarehe ndiyo kiini cha jibu

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Hatua nyingi za kodi huanza 1 Julai, lakini si zote. Ndiyo maana tunamshauri mlaji, kila asikiapo jibu la Waziri, atafute tarehe kabla ya kutafuta kiwango.

Historia fupi ya tozo ya miamala ya simu inaonyesha umuhimu wa jambo hili. Tozo hiyo ilitokana na Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, na ilianza kukatwa tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi cha fedha. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 2022, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Mwigulu Nchemba, alilieleza Bunge kuwa baadhi ya tozo zingefutwa, ikiwemo ile ya kuhamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu na kutoka kwenye simu kwenda benki. Utekelezaji ulipangwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2022.

Kati ya tarehe hizo mbili zilikuwapo siku kumi na moja. Aliyekatwa tozo katika siku hizo alikatwa kihalali, ingawa alikuwa amekwisha kumsikia Waziri akisema inafutwa. Aliyekatwa tozo hiyohiyo baada ya 1 Oktoba alikuwa na haki ya kudai arejeshewe.

Hesabu ya kodi iliyomo ndani ya bei

Muuzaji anaposema bei imepanda kwa sababu ya kodi, mlaji ana haki ya kujua ni kiasi gani cha ongezeko hilo ni kodi. Tuchukue mfano wa saruji. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji. Mfuko wa kilo 50 ukabeba ushuru wa shilingi 1,000. Kwa kuwa ushuru wa bidhaa huingia katika thamani inayotozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT, shilingi 1,000 hiyo nayo huongezewa asilimia 18, yaani shilingi 180. Jumla ni shilingi 1,180.

Basi, ikiwa mfuko uliongezeka bei kwa shilingi 3,000, ushuru huo unaeleza shilingi 1,180 tu. Shilingi 1,820 zinazobaki zina sababu nyingine. Huenda ni usafiri, huenda ni uhaba, huenda ni faida ya muuzaji. Katika bidhaa zisizo na bei elekezi muuzaji anaruhusiwa kupanga bei yake. Kisichoruhusiwa ni kumwambia mnunuzi kwamba ongezeko lote ni kodi ilhali sivyo, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji.

Hesabu ya pili ni ya bei iliyojumuisha VAT. Wengi huchukua asilimia 18 ya bei yote, na hapo hukosea. Ikiwa bidhaa inauzwa shilingi 11,800 pamoja na kodi, gawanya kwa 118, kisha zidisha kwa 18. Utapata shilingi 1,800, ambayo ndiyo VAT. Ukichukua asilimia 18 ya shilingi 11,800 utapata shilingi 2,124, kiasi ambacho si sahihi.

Huduma zinazodhibitiwa bei zina utaratibu wake. Mwaka 2021 tozo ya mafuta ya petroli na dizeli iliongezwa kwa shilingi 100 kwa lita ili kugharimia barabara. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo ongezeko la aina hiyo humfikia mlaji kupitia tangazo hilo. Vivyo hivyo, nauli ya daladala haipandi kwa sababu dereva amesikiliza hotuba. Hupanda pale LATRA inapotangaza nauli mpya.

Kodi ikiondolewa, bei haishuki yenyewe

Hapa ndipo walaji wengi huvunjika moyo. Katika bajeti ya mwaka 2018/19, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza taulo za kike zisamehewe VAT, na Bunge likakubali. Shabaha ilikuwa njema: wasichana wengi hukosa masomo kwa kushindwa kumudu bidhaa hiyo. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, Serikali iliurudisha utozaji wa kodi hiyo, ikieleza kuwa walaji hawakunufaika na msamaha kwa kuwa bei hazikushuka kama ilivyotarajiwa.

Sababu moja ya hali kama hiyo ni ya kibiashara: muuzaji anaweza kuiacha bei ilipo na kuiweka tofauti kibindoni. Sababu nyingine imo katika muundo wa kodi yenyewe, nayo haielezwi vya kutosha. Bidhaa iliyosamehewa VAT si sawa na bidhaa inayotozwa kwa kiwango cha sifuri. Kwa bidhaa iliyosamehewa, mzalishaji hatozi VAT anapouza, lakini pia hawezi kudai arejeshewe VAT aliyoilipa kwenye malighafi, vifungashio na huduma. Gharama hiyo hubaki ndani ya bei. Kwa bidhaa ya kiwango cha sifuri, mzalishaji hatozi kodi na bado hurejeshewa aliyoilipa.

Kwa hiyo Waziri anapojibu kuwa "kodi imeondolewa", swali linalofuata ni hili: imesamehewa, au imewekwa kwenye kiwango cha sifuri? Jibu la swali hilo ndilo litakalokueleza utarajie punguzo la kiasi gani.

Aina tatu za majibu

Majibu yanayotolewa bungeni hufanana na kuku wa kufugwa na kanga wa porini: kwa mbali yote ni ndege, lakini mmoja tu ndiye aliye mkononi. Tunayagawa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni jibu la kusudio, kwa mfano kwamba Serikali inalifanyia kazi suala hilo au itaendelea kuliangalia. Jibu hili halibadilishi chochote katika bei ya leo. Lisikuzuie kununua unachohitaji, wala lisikufanye uweke akiba ya bidhaa.

Aina ya pili ni jibu la pendekezo, ambalo hutaja kiwango na sheria itakayorekebishwa. Huu ndio wakati wa wananchi kutoa maoni, kwa maana Kamati ya Bajeti hukaribisha wadau kabla ya muswada kupitishwa. Mlaji ni mdau sawa na mwenye kiwanda, ingawa mara nyingi kiti chake huwa kitupu.

Aina ya tatu ni jibu la sheria, ambalo hutaja sheria au kanuni iliyokwisha kupitishwa pamoja na tarehe ya kuanza. Hili pekee ndilo unaloweza kulisimamia mbele ya muuzaji au mtoa huduma.

Mambo ya kufanya

1. Tunza risiti za mwezi Juni na Julai za bidhaa unazonunua mara kwa mara. Bila bei ya zamani huwezi kuonyesha kuwa bei mpya imezidi kodi iliyoongezwa, au kwamba msamaha haujakufikia.

2. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kila unaponunua, na uhakikishe kuwa kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Kudai risiti ni wajibu wako kisheria, na risiti hiyo ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

3. Ukiambiwa ongezeko ni la kodi, uliza mambo matatu: ni kodi ipi, imeanza lini, na ni shilingi ngapi katika bei hii.

4. Kwa mpangaji: kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, ni ya mwenye jengo. Ikiwa unakatwa wewe kwa kuwa mita iko mikononi mwako, tunza kumbukumbu za makato na ukubaliane na mwenye nyumba namna ya kufidiana katika kodi ya pango.

5. Usiporidhika, anza kwa kulalamika kwa maandishi kwa muuzaji au mtoa huduma. Ukikosa jibu, peleka lalamiko kwa msimamizi wa sekta: EWURA kwa mafuta, umeme na maji, TCRA kwa mawasiliano, LATRA kwa usafiri wa ardhini, Benki Kuu ya Tanzania kwa huduma za fedha. Kwa bidhaa nyingine na udanganyifu wa kibiashara, nenda Tume ya Ushindani. Muuzaji anayekataa kutoa risiti hushughulikiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Katika kila lalamiko andika tarehe ya manunuzi, kiasi ulicholipa, maelezo uliyopewa na muuzaji, na uambatishe nakala ya risiti. Sisi wasimamizi hatuwezi kulifuatilia ongezeko ambalo halina tarehe wala kiasi.