Shoka Halitaki Misuli

Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na ziwa Michigan upande wa mashariki na mto Mississippi upande wa magharibi, liliwahi kuishi kwa shoka. Katika karne ya 19 wakata miti waliingia kwenye misitu ya misonobari myeupe, wakaiangusha, na magogo yakasafiri kwa maji ya mito hadi kwenye viwanda vya mbao. Leo shoka limehamia mjini. Katika miji ya jimbo hilo kuna kumbi ambamo watu hulipa kwa saa ili warushe shoka kwenye ubao: wafanyakazi wa ofisi moja, ndugu waliokutana kwa ajili ya harusi, wanafunzi waliomaliza mitihani.

Anayekabidhiwa kazi ya kupanga matembezi ya kikundi huanza na maswali ya kawaida: bei gani, magari yataegeshwa wapi, chakula kipo? Ni maswali ya haki, lakini jambo linaloamua kama watu watafurahi ni jingine kabisa, nalo ni kama mashoka yatanasa. Mtu ambaye shoka lake linagonga ubao na kuanguka, tena na tena, kwa saa nzima, hujiona hana mkono wa mchezo huu, akaketi pembeni na simu yake. Mara nyingi kosa si lake. Liko kwenye umbali aliosimama, au kwenye mbao zilizo mbele yake, na yote mawili yanaweza kuulizwa kabla ya kulipa hata senti moja.

Tuanze na umbali, kwa sababu hapo ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo. Tazama mkono wa mrushaji. Unapotoka juu ya kichwa kwenda mbele, shoka huchora kipande cha duara ambalo kitovu chake kiko karibu na bega. Vidole vikiachia, shoka huondoka na mambo mawili kwa wakati mmoja: mwendo wa kwenda mbele na mzunguko wa kujibinua. Yote mawili yamezaliwa na mkono uleule. Ukizungusha mkono kwa kasi maradufu, shoka litakwenda mbele kwa kasi maradufu, na litajizungusha kwa kasi maradufu vilevile. Kwa hiyo umbali linaosafiri katika mzunguko mmoja kamili haubadiliki. Ni sawa na mzingo wa lile duara.

Hesabu yake ni ya darasani. Tuseme kutoka begani hadi kitovu cha uzito cha shoka ni sentimita 60, maana kiwiko huwa kimekunjwa kidogo. Mzingo ni mara mbili ya pai, mara 0.6, yaani kama mita 3.8. Sasa linganisha na kumbi zenyewe. Mstari wa kurushia shoka dogo kwa kawaida huchorwa kama futi 12 kutoka kwenye ubao, ambazo ni mita 3.66. Kipimo hicho hakikutokea kwa bahati. Ni umbali ambao mkono wa mtu mzima wa kawaida hulipa shoka mzunguko mmoja tu, likafika na makali yametangulia.

Ndiyo maana anayerusha kwa hasira hapati chochote cha ziada. Nguvu zake zinaongeza kasi na mzunguko kwa kiwango kilekile, na kama alisimama mahali pasipofaa, shoka litafika vibaya kwa kishindo kikubwa zaidi. Kinachotakiwa ni miguu kusogea. Ikiwa mwisho wa mpini unagonga ubao kwanza, mzunguko haujakamilika, kwa hiyo mrushaji arudi nyuma nusu hatua. Ikiwa kinachogonga ni utosi wa shoka, huku mpini ukielekea juu, mzunguko umepitiliza, na asogee mbele. Mkufunzi mzuri huliona kosa kwa mrusho mmoja au miwili, akamsogeza mgeni kidogo tu, na mrusho unaofuata unanasa. Mkufunzi asiyejali hupiga kelele za kutia moyo na kusema ongeza nguvu. Tofauti ya kumbi mbili inaweza kuwa hiyo tu.

Yapo mambo yanayoivuruga hesabu hii kidogo. Anayetoka mbio au kupiga hatua ndefu wakati wa kurusha hulipa shoka kasi ya mbele isiyo na mzunguko, kwa hiyo atahitaji nafasi kubwa zaidi. Anayekunja kifundo cha mkono mwishoni hufanya kinyume: huongeza mzunguko bila kasi, na shoka hupitiliza. Ndiyo sababu wakufunzi husisitiza kiganja na kigasha vibaki mstari mmoja. Nguvu nazo zina kazi ndogo. Shoka linalokwenda mita 9 kwa sekunde hutumia sekunde 0.42 kuvuka mita 3.8, na katika muda huo mvutano wa dunia hulishusha kama sentimita 86 kutoka kwenye mstari lililoanzia. Likienda taratibu sana, litashuka kupita shabaha. Lakini kasi ya mita 9 kwa sekunde iko ndani ya uwezo wa watu wengi wazima wenye mabega yasiyo na maradhi, na mwenye mkono mwepesi hufidia kwa kuelekeza mrusho juu kidogo.

Jambo jingine ni ubao, na hapa Wisconsin ina hazina ambayo wapenzi wa mchezo huu hawaitaji mara nyingi. Mjini Madison iko maabara ya serikali ya Marekani inayochunguza mbao na mazao mengine ya misitu. Ilianzishwa mwaka 1910 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mtaalamu wake mmoja, Arthur Koehler, alitoa ushahidi mwaka 1935 katika kesi ya kutekwa na kuuawa kwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh, baada ya kuichunguza ngazi ya mbao iliyotumika katika uhalifu ule. Maabara hiyo pia imekusanya vipimo vya ugumu wa miti mingi, kwa jaribio lililobuniwa na Gabriel Janka, mtafiti wa Austria, mwaka 1906. Tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 11.28 husukumwa kwenye ubao hadi nusu yake izame, na nguvu iliyotumika hupimwa.

Msonobari mweupe wa mashariki, mti uleule uliolijenga jimbo, unahitaji nyutoni kama 1,700. Mti wa aspen, unaoota kwa wingi kaskazini, uko chini ya hapo kidogo. Mti wa cottonwood, wa jamii ya mpopla, ni kama 1,900. Ukifika kwenye mwaloni mwekundu unazungumzia 5,700, na maple ya sukari, ambayo ndiyo mti rasmi wa jimbo la Wisconsin, hufika 6,400. Ubao wa maple ni mgumu karibu mara nne ya ubao wa msonobari. Ukumbi ukiweka mbao ngumu kwa sababu hudumu muda mrefu, umeokoa gharama zake na kuwanyima wageni mchezo.

Ugumu pekee hautoshi kueleza. Ubao ni fungu la mirija myembamba iliyolala sambamba, ambayo mti ulipokuwa hai iliubeba na kupandisha maji. Kuikata mirija hiyo katikati ni kazi nzito, lakini kuitenganisha mmoja na mwenzake ni rahisi, na aliyewahi kupasua kuni analijua hilo kwa mikono yake. Kwa hiyo mbao za shabaha husimamishwa wima. Makali ya shoka nayo hufika wima, yakaingia kati ya mirija, na mirija ikayabana pande zote mbili. Maji husaidia pia. Kuta za mirija hunywa unyevu hadi ufikie kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, na kadiri unavyopanda kuelekea hapo, mbao hulainika. Ukiona wahudumu wakinyunyizia maji shabaha kabla ya wageni kuanza, ujue wanaielewa kazi yao. Ukiona ubao wa katikati umechakaa, umejaa vipande vilivyochomoka, na hakuna anayeubadilisha, nenda kwingine. Shoka haliwezi kubanwa na mirija ambayo haipo tena, na likidunda hurudi kwa watu.

Mchezo wenyewe kwa sura ya ukumbini ni mchanga. Ulianza Toronto, Kanada, mwaka 2006, katika ua wa nyumba ambako Matt Wilson alikuwa akirusha shoka na marafiki zake, na miaka kumi baadaye kumbi zikaanza kufunguliwa Marekani. Ligi ya dunia ijulikanayo kama WATL iliundwa mwaka 2017, na mji wa Appleton, hapohapo Wisconsin, umewahi kuwa mwenyeji wa mashindano yake makuu. Hilo ni jambo la kukumbuka kwa anayetafuta ukumbi. Penye ligi pana wachezaji wa kila wiki, na wachezaji wa kila wiki hawavumilii mbao mbovu wala mstari uliochorwa kwa kukisia. Uliza kama ukumbi una ligi, hata kama ninyi mnakwenda kucheka tu.

Kikundi chenye siku mbili au tatu na gari la kutosha kifike Hayward, mji mdogo wa kaskazini ulio zaidi ya kilomita 500 kutoka Milwaukee. Tangu mwaka 1960, mashindano ya dunia ya wakata miti yaliyoanzishwa na Tony Wise hufanyika huko kila kiangazi, pembezoni mwa ghuba ya ziwa ambayo zamani ilihifadhi magogo yaliyosubiri kupasuliwa. Huko utaona shoka la makali mawili likirushwa kutoka futi 20, yaani mita 6.1. Kanuni ni ileile: mpini mrefu unaoshikwa kwa mikono miwili hupeleka kitovu cha uzito karibu mita moja kutoka begani, duara linakuwa kubwa, na mzunguko mmoja unameza umbali mrefu zaidi. Shabaha yenyewe ni kipande cha gogo kinachomtazama mrushaji kwa upande wenye pete za mti, hivyo makali huingia kwenye midomo ya mirija badala ya ubavuni. Kwangu mimi hakuna somo la fizikia lililo wazi kuliko kutazama mirusho hiyo miwili, wa mjini na wa Hayward, katika safari moja.

Kuhusu idadi ya watu, msikubali kubanwa. Tukikadiria nusu dakika kwa kila mrusho, pamoja na kulifuata shoka, shabaha moja inatoa mirusho 120 kwa saa. Watu 24 wakipewa shabaha nne, kila mmoja atarusha mara 20 tu, na mgeni anaweza kumaliza nusu ya hizo akitafuta mahali pa kusimama. Ombeni shabaha nane, au mgawanyike katika zamu mbili, kundi moja likila wakati jingine likirusha.

Kanuni za usalama ni chache na hazina mjadala. Viatu vifunike vidole. Shoka halipokezanwi mkono kwa mkono. Linawekwa mahali pake, mwingine analichukua. Walio kwenye njia mbili zinazopakana hurusha pamoja, na huenda kuchukua mashoka yao pamoja, baada ya yote mawili kutua. Kila ukumbi una umri wake wa chini, kwa hiyo wenye watoto waulize mapema. Kumbi nyingi huuza bia. Kwa maoni yangu, kikundi kinachotaka kunywa kinywe baada ya kurusha, kwa sababu shoka ni shoka.

Nimesema kuwa miguu inashinda misuli, na ningependa wanaopanga safari waichukue kauli hiyo kwa uzito. Mwenye mkono mfupi ana duara dogo: kwa sentimita 50 kutoka begani, mzunguko wake hukamilika katika mita 3.1. Akilazimishwa kusimama mstari mmoja na jitu la futi sita, atashindwa, na watu watasema ni mdogo au ni mwanamke au ni mzee. Akiruhusiwa kusogea mbele, atanasisha shoka sawa na yeyote. Kwa hiyo ukipiga simu ukumbini, uliza hili kabla ya bei: je, mgeni anaruhusiwa kuchagua umbali wake? Wakisema ndiyo, mwandikisheni na yule shangazi aliyesema atakuja kutazama tu.