Hesabu za Chini ya Ardhi Zisiwe Siri

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumemwona fundi wa upimaji akiweka chombo chini, akingoja kitulie, akiandika namba daftarini, kisha akienda mbele na kurudia kazi ile ile. Chombo hicho hupima nguvu ya mvutano wa dunia. Wengine tumeona ndege ikiruka chini chini, ikienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka. Hiyo hupima usumaku wa miamba. Upimaji wa ndege uliofanywa Uganda miaka ya 2000 ulifunika kama asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikaachwa kwa ukosefu wa usalama. Kubeba, kutembea na kuandika ni kazi yetu. Tunauliza: hesabu hufanywa na nani?

Maana namba mbichi hazisemi kitu. Mvutano wote wa dunia ni kama miligali 980,000, lakini mwamba ulio chini yako huubadili kwa miligali chache, au makumi kadhaa tu. Ukipanda mlima mita 10, mvutano hupungua kwa miligali 3 hivi. Kati ya ikweta na ncha ya dunia tofauti inazidi 5,000. Ni lazima kuondoa kwanza mambo hayo yote, na uzito wa milima pia, ndipo ibaki habari ya mwamba.

Tutazame Bonde la Ufa. Mwaka 1936 Mwingereza E. C. Bullard alitangaza vipimo vya mvutano wa Afrika Mashariki, alivyovipata kwa pendulo. Aliona upungufu mkubwa bondeni, akaeleza kwamba ardhi inasukumwa kutoka pande mbili na kuikandamiza sakafu ya bonde. Leo wataalamu wanasema kinyume: ardhi inavutwa na kupasuka, na bonde limejaa mchanga na udongo mwepesi. Namba zilibaki, maelezo yakabadilika. Kuanzia 1983 usumaku ulipimwa kwa ndege juu ya bonde la Ziwa Albert, ukaonyesha mahali udongo huo ulipolundikana kwa kina kirefu. Mwaka 2006 ikathibitishwa kuwa kuna mafuta ya kutosha biashara. Kwa hiyo vipimo vya zamani ni mali, ila kwa yule tu anayeweza kuvifanyia hesabu upya.

Programu za kompyuta zinazouzwa kwa kazi hii zina leseni ya fedha nyingi, na ndani yake hazifunguliwi. Mradi ukiisha, leseni nayo huisha, na ofisi hubaki na ramani ya karatasi ukutani. Lakini ziko zana huria, ambazo mtu yeyote huruhusiwa kuzitumia, kuzisoma ndani na kuzirekebisha bila malipo. Mojawapo ni Fatiando a Terra, iliyoanzishwa Brazil na Leonardo Uieda na wenzake kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Jina lake kwa Kireno ni "kuikata Dunia vipande". Sehemu yake iitwayo Boule hukokotoa mvutano wa kawaida wa kila latitudo, Verde hupanga vipimo vilivyotawanyika katika miraba, na Harmonica hushughulikia mvutano na usumaku wenyewe. Asiyetaka kuandika Python atumie PyGMI, ya Council for Geoscience ya Afrika Kusini, inayoendeshwa kwa vitufe.

Kwa nini kuisoma ndani? Sababu kubwa ni ikweta. Vitabu vingi vya Ulaya huonyesha mwamba wenye sumaku kama kilima kwenye ramani. Kwetu mistari ya sumaku ya dunia imekaribia kulala, na mwamba huo huo huonekana zaidi kama shimo. Ipo hesabu ya kuugeuza uonekane kana kwamba umepimwa kwenye ncha ya dunia, lakini karibu na ikweta ya sumaku hesabu hiyo hukuza makosa madogo yakawa michirizi ya kaskazini-kusini. Mtu aliyebonyeza kitufe bila kujua kinachofanyika ndani anaweza kuuita mchirizi huo ufa wa mwamba, na wachimbaji wakatumwa kutoboa pasipo kitu.

Sisi watu wa chama hatuna budi kusema neno moja zaidi. Watungaji wengi wa zana hizi huzitunza kando ya ajira zao, na kazi ya bure haitupendezi hata ikitufaa. Wala programu huria haifungui kabati la vipimo. Hilo ni la kudai kwa wakuu wa idara, pamoja na mafunzo ndani ya saa za kazi, kwa mshahara kamili, na mafundi wa nje wahesabiwe humo.

Kompyuta ya kawaida yatosha, na intaneti yahitajika hasa siku ya kupakua. Anayeanza na Fatiando atapata vipimo vya mvutano vya Bushveld, nchi ya migodi ya platinamu huko Afrika Kusini, vilivyowekwa kwa mazoezi. Miamba mizito ya huko huonekana wazi kwenye ramani, na mtu anaweza kukosea na kurudia mara nyingi apendavyo kabla ya kugusa daftari la kwao.