Masalio ya Dawa kama Shahidi wa Majitaka

Kwa muda mrefu, aliyetaka kujua kama maji ya mto au ya kisima yamechanganyika na kinyesi alihesabu bakteria iitwayo Escherichia coli. Njia hiyo ingali msingi wa ulinzi wa afya, lakini ina upungufu: bakteria hiyo hukaa katika matumbo ya watu na vilevile ya ng'ombe, mbuzi na ndege. Huonyesha kwamba kinyesi kimo majini, wala haisemi ni cha nani. Mbuzi, kwa upande wake, hamezi vidonge vya kifafa. Hapo ndipo dawa zinapoitwa kutoa ushahidi.

Jambo hili lilijitokeza karibu kwa bahati huko Berlin, Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanakemia waliokuwa wakitafuta sumu za kuua magugu katika maji walikutana na asidi ya klofibriki, yaani masalio ya dawa za kupunguza mafuta katika damu. Kwa umbo inafanana mno na sumu moja ya magugu, mekopropi. Lakini haikutoka mashambani, ilitoka katika miili ya wagonjwa. Masalio ya dawa hutoka kwa mkojo, hupita katika mitambo ya kusafishia majitaka na kuingia mtoni. Nalo jiji la Berlin huchota sehemu kubwa ya maji ya kunywa katika visima vilivyo kando ya mito na maziwa yake lenyewe, hata kilichomwagwa kikarudi bombani. Kiasi chake hupimwa kwa nanogramu. Nanogramu moja kwa lita ni gramu moja iliyoyeyushwa katika bwawa lenye urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kina cha mita moja. Kiasi hicho ni kidogo sana kuliko kile anachomeza mgonjwa. Kinachotisha ni vijidudu, kama vile vya kipindupindu, vinavyoweza kusafiri katika majitaka yaleyale.

Dawa hazina tabia moja, na tofauti hiyo ndiyo yenye faida. Kabamazepini, dawa ya kifafa, huvuka mtambo wa kusafishia karibu bila kupungua. Parasetamoli, kinyume chake, huliwa na vijidudu vya mtambo, hata karibu yote hutoweka. Basi, penye kabamazepini peke yake, yamkini majitaka yalikwisha kusafishwa. Penye zote mbili, yaelekea kuna majitaka mabichi yanayovuja mahali fulani. Kafeini nayo huoza upesi mtamboni. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 nchini Uswisi uliikuta katika maziwa yanayopokea majitaka ya miji, ilhali maziwa ya mbali milimani yalikuwa karibu hayana kitu.

Lakini kipimo cha Uswisi hakiwezi kuhamishwa kilivyo. Mahali ambapo kahawa hulimwa na kuoshwa, kama Kivu, kafeini inaweza kuingia mtoni kutoka katika maganda ya buni, bila choo chochote kuhusika. Tena, katika nchi nyingi za Afrika, wenye kifafa hupewa zaidi fenobarbitali, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Atakayetafuta kabamazepini pasipo na wanaoimeza atayasifu maji machafu kuwa safi. Kabla ya kuchota maji, mtafiti hana budi kwanza kuuliza katika maduka ya dawa ni vidonge gani vinanunuliwa mtaani.

Kikwazo kingine ni gharama. Kuhesabu bakteria kunahitaji vyombo vichache na joto la kuziotesha. Kusoma nanogramu kunahitaji mashine ya kupimia uzito wa molekuli, umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa. Kwa kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo, hesabu ya bakteria inatosha kuwaonya wenye nyumba. Dawa huitwa pale wanapobishana majirani: choo kinachovuja, au zizi la mbuzi?