Nondo wa Ukutani na Nondo wa Sandukuni

Katika nyumba zetu za Malindi na Kilifi ni nadra kukosa ukutani kifuko kidogo cha rangi ya vumbi, mfano wa mbegu ya boga, kikijikokota taratibu. Ndani yake mna kiwavi wa nondo. Twafahamu nyumba moja ambamo joho la sufu la marehemu babu lilitolewa sandukuni kwa ajili ya harusi, likakutwa na matundu. Lawama ikamwangukia huyu wa ukutani; kuta zikasuguliwa, sanduku likafungwa vilevile. Mwaka uliofuata joho halikuvalika tena.

Kosa lilikuwa kutowatenganisha ndugu wawili. Wote ni wa ukoo wa Tineidae, na wote hujifumia ala ya hariri na kutembea nayo.

Wa ukutani ni wa jamii ya Phereoeca. Kifuko chake ni bapa, kipana katikati, chenye urefu wa milimita 8 hadi 14, nacho hukigandika mchanga na vumbi. Kina mlango kila upande, naye hutoa kichwa kokote apendako. Hupenda unyevu, na hula utando mkuukuu wa buibui na nywele, ingawa sufu akiipata haiachi.

Wa sandukuni ni wa jamii ya Tinea. Mashuhuri wao ni Tinea pellionella, aliyepewa jina na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Kifuko chake ni cha mviringo kama kijiti cha mwanzi, nacho hufumwa kwa nyuzi za nguo ile ile anayoila: joho likiwa jeusi, kifuko nacho cheusi. Ndiyo maana haonekani. Chakula chake ni sufu, manyoya na nywele. Kanzu safi ya pamba haimfai.

Basi kwa yule wa kwanza, ondoeni utando na vumbi pembeni mwa kuta. Kwa huyu wa pili, fungueni sanduku, lianikeni joho juani, lipigeni brashi hadi kwenye mishono, kisha lihifadhiwe safi na kavu katika mfuko uliofungwa barabara.

Tahadhari moja: vidonge vyeupe vya naftalini visiwekwe penye nguo za watoto wachanga. Pwani yetu ina watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na mvuke wa vidonge hivyo huweza kuzipasua chembe nyekundu za damu yao. Joho la babu lina thamani. Uhai wa kitukuu chake una thamani zaidi.